Kumpima John Ford: Anza Risasi Zikinyamaza

Waliokulia kwenye vibanda umiza wanaijua sheria moja: stelingi hafi. Atapigwa, atatupwa korongoni, atapotea nusu saa nzima, lakini mwisho wa picha atarudi kumaliza kazi, na watoto watatoka nje wakirushiana ngumi kama zake. Ukiingia na sheria hiyo kwenye filamu za John Ford utatoka umekasirika. Katika filamu yake bora ya vita, They Were Expendable ya 1945, upande wa stelingi unapigwa tangu mwanzo hadi mwisho. Katika Fort Apache ya 1948, stelingi anabaki hai, anapanda cheo, kisha anawadanganya waandishi wa habari. Katika The Searchers ya 1956 anakipata alichokisaka kwa miaka, halafu wenzake wote wanaingia ndani ya nyumba na yeye anabaki nje.

Mwenye kutaka kumpima Ford kwa haki anahitaji basi kipimo kingine. Ninachokipendekeza ni hiki: filamu zake za kauboi na zake za vita zitazame kama kazi moja, mbili mbili, na jicho lako ulitoe kwenye bunduki ulipeleke kwenye mambo yanayofanyika kabla ya risasi ya kwanza na baada ya risasi ya mwisho. Nani amelipa? Nani anabaki kusimulia, na anasimulia nini? Ford alikuwa hodari wa kupiga picha za farasi wakikimbia, hilo halina ubishi, ila waongozaji hodari wa farasi Hollywood ilikuwa nao wengi.

Tuzo hazitakusaidia sana. Alipata Oscar ya mwongozaji bora mara nne na hakuna aliyemfikia mpaka leo, lakini alizipata kwa The Informer, The Grapes of Wrath, How Green Was My Valley na The Quiet Man. Hakuna kauboi hata mmoja humo. The Searchers haikupendekezwa kwa Oscar yoyote. Mwaka 2012, wahakiki walioulizwa na jarida la Uingereza la Sight and Sound waliiweka nafasi ya 7 kati ya filamu bora za wakati wote. Ukimpima kwa makombe, utakuwa umempima mtu mwingine.

Kabla ya yote, shughulikia televisheni yako. Filamu za Ford za miaka ya 1930 na 1940 zilipigwa kwa fremu iliyokaribia mraba, na televisheni za siku hizi ni pana. Nyingi huivuta picha ijaze kioo, John Wayne akanenepa ghafla, au huikata juu na chini. Ingia kwenye mipangilio uirudishe kwenye umbo lake na uikubali ile mistari myeusi pembeni. Ford aliacha anga kubwa juu ya vichwa vya watu, na anga hiyo ikikatwa umepoteza nusu ya alichotaka kusema kuhusu udogo wao. Nakala ya filamu nyeusi na nyeupe iliyotiwa rangi baadaye, achana nayo. Na zile zilizotafsiriwa na madijei, pamoja na utamu wake wote, ziweke kando kwa kazi hii. Dijei mzuri hanyamazi, na Ford husema mambo yake makubwa watu wakiwa kimya. Washa maandishi chini ya picha badala yake, maana wahusika wake wengi wanazungumza Kiingereza cha Kiayalandi au cha kusini mwa Marekani ambacho hata mwenye Kiingereza chake kizuri hukikosa.

Sasa anza na dakika 18 tu. The Battle of Midway ya 1942 ni filamu ya serikali ya Marekani, haina hakimiliki, na mtandaoni utaipata bure. Ford alikuwa na umri wa miaka 48, afisa wa jeshi la majini, akiongoza kikosi cha wapiga picha chini ya OSS, ofisi ya ujasusi ya wakati wa vita. Ndege za Kijapani zilipokishambulia kisiwa cha Midway mwezi Juni, yeye alikuwa pale na kamera yake, juu ya jengo la mitambo ya umeme, na kipande cha chuma kikamjeruhi mkono. Tazama kinachotokea bomu linapoanguka karibu: picha inaruka, ukingo wa fremu unaonekana, kama vile filamu yenyewe imechomoka ndani ya mashine. Mhariri wa kawaida angekata kipande hicho. Ford alikiacha. Mtu aliyekuwa ametengeneza vumbi na moshi wa uongo kwa zaidi ya miaka 20 alitambua mara moja kwamba ile kasoro ndiyo ushahidi. Leo kila filamu ya vita inatikisa kamera makusudi, na wengi wanaoitikisa hawajui deni hilo wanadaiwa na nani.

Lakini usimpe alama zote. Juu ya picha hizohizo ameweka sauti za waigizaji, Henry Fonda na Jane Darwell wakiwemo, na Darwell anaongea kama mama wa kijijini anayewatambua vijana wa nyumbani. Kwangu mimi sukari imezidi. Baadaye yanakuja mazishi, majeneza yenye bendera yakipelekwa baharini kwa boti, na hapo sukari inakwisha. Andika kwenye daftari lako mahali ambapo Ford anakuamini uone mwenyewe na mahali anapokushika mkono. Mstari huo utaukuta katika kila filamu yake utakayoitazama baada ya hapo. Na kama unashangaa mtoto wa Rais Roosevelt anafanya nini katikati ya wale wanaotoa heshima kwa wafu, jibu ni kwamba Ford hakuwa mshamba wa siasa za ofisini.

Wiki hiyohiyo, kabla kumbukumbu haijapoa, weka They Were Expendable. Ni habari ya kikosi cha boti ndogo za kurushia topido kule Ufilipino, Wajapani wakisonga mbele na Wamarekani wakirudi nyuma. Robert Montgomery, anayeigiza kamanda, alikuwa ametumikia kwenye boti za namna hiyo kweli. John Wayne, msaidizi wake, hakuvaa sare ya jeshi vitani. Watazame wawili hao wanavyosimama. Montgomery hahangaiki kuonekana shujaa. Anasikiliza amri, anameza mate, anaondoka.

Dakika za kuzitazama mara mbili ni zile za chakula cha usiku. Muuguzi Sandy, anayeigizwa na Donna Reed, amealikwa na maafisa kula nao kwenye kibanda chao. Amekuja na mavazi ya kazi. Anasimama mbele ya kioo, anachana nywele, anavaa mkufu wa lulu. Basi. Maafisa wanamtazama kwa adabu ya watu ambao hawajakaa na mwanamke mezani kwa muda mrefu, na chini ya sakafu mabaharia wanawaimbia. Hakuna anayesema kwamba huenda wote wakafa. Baadaye Wayne anaongea naye kwa simu, laini inakatwa, na filamu haitupi tena habari zake mpaka inakwisha. Mwongozaji mwingine angetupa barua, au kaburi, au busu la mwisho. Ford ametukatia simu na sisi, kwa sababu waliokuwa Ufilipino mwaka 1942 hawakupewa zaidi ya hapo.

Jambo la pili la kulipima humo ni adui. Mjapani haonekani uso. Utaona ndege, utaona meli, utaona maji yakirushwa juu na makombora. Hollywood ya miaka ile ilijaa Wajapani wenye meno ya nje na vicheko vya kishetani, na mtu aliyejeruhiwa nao angekuwa na kisingizio cha kufanya vivyo hivyo. Hakufanya, na ninamhesabia hilo. Ila angalia pia nani mwingine haonekani. Wafilipino, ambao nchi inayoungua ni yao, wanapita pembeni ya fremu kama wageni waalikwa. Kumbuka hilo, tutalihitaji.

Mwisho wa filamu, ndege ya mwisho inaondoka. Viti ni vichache, amri imetaja majina, na walio wengi wanabaki. Filamu inaiheshimu amri hiyo na haijifanyi kuwa ni ya haki.

Miaka mitatu baadaye Ford akalipindua jambo lilelile. Fort Apache ina kambi ya mbali, wanajeshi wa kawaida, wake zao, na kamanda mpya, Luteni Kanali Thursday, aliyeigizwa na Henry Fonda, anayeona kupelekwa kule jangwani ni kutupwa. Chini yake yuko Kapteni York, ambaye ni Wayne, anayewajua Waapache na ameahidiana na kiongozi wao, Cochise. Wakala wa serikali anawauzia Waapache pombe na kuwanyonya, jeshi linajua, na Thursday anamdharau wakala huyo ila anaitii karatasi yake. Wanapokutana kuzungumza, Cochise anaeleza malalamiko yake kwa utulivu na Thursday anamjibu kwa matusi, yakipitia kwa mkalimani. Halafu anaamuru kikosi kiingie korongoni kwa safu ya farasi wanne wanne, ingawa York amemwambia kuna nini huko juu ya miamba. Ni kisa cha Custer, kamanda wa Marekani aliyeangamia na askari wake mwaka 1876, kilichobadilishwa jina na mahali.

Hapo ndipo mtazamaji wa haraka huzima, maana vita imekwisha. Wewe usizime. Miaka imepita, York sasa ndiye mkuu wa kikosi, waandishi wa habari wamejaa ofisini wakimsifu marehemu Thursday na mchoro mkubwa wa shambulio lake la kishujaa. Wanamuuliza York kuhusu mchoro. Anasema hauna kosa hata moja. Kisha anasogea dirishani, anasifu askari wa kawaida wasiotajwa na magazeti, na kwenye kioo tunaona wapanda farasi wakipita kama kivuli. Sitisha picha anapochukua kofia yake: ni kofia yenye kitambaa cha kufunika shingo, kama ile ya Thursday. Nyuma ya kofia hiyo liko swali lote la kumpima Ford.

Wapo wanaosema York anadanganya kwa ajili ya wafu, na Ford yuko upande wake. Wapo wanaosema Ford anamcheka. Mimi naona hivi: Ford ametumia saa mbili kutuonyesha ukweli, kisha ametuweka katika chumba ambamo mwenye kujua anautia kufuli. Waandishi wanaondoka na uongo, sisi tunaondoka na ushahidi. Mtu aliyetaka hadithi ya kishujaa ibaki salama asingetuonyesha lile korongo. Kama hukubaliani, rudi kwenye They Were Expendable utazame amri zinavyotiiwa kule, halafu utazame zinavyotiiwa hapa. Kule utiifu una huzuni na heshima. Hapa una huzuni na aibu. Ni mwongozaji mmoja, Wayne yuleyule, na miaka mitatu tu katikati. Ukishaiona hiyo, neno "mzalendo" peke yake halitoshi tena kumweleza.

Filamu ya 1962, The Man Who Shot Liberty Valance, inarudi kwenye kidonda hicho ikiwa imezeeka. Seneta maarufu, James Stewart, anarudi mji mdogo kumzika mtu asiyejulikana, ambaye ni Wayne, na anamsimulia mhariri wa gazeti ukweli wa jinsi alivyopata umaarufu. Mhariri anasikiliza mpaka mwisho, anachana maelezo yote na kuyatia kwenye jiko. Ford ameipiga kwa rangi nyeusi na nyeupe, sehemu kubwa ndani ya studio, na wengi walidhani mzee amechoka au bajeti imepungua. Huenda yote mawili, lakini itazame baada ya kuona mandhari makubwa ya filamu za nyuma: anga imeondoka, kimebaki chumba chenye watu wanaokubaliana la kusema.

Kuna dakika moja humo ninayowaonyesha wote wanaodai Ford hana akili ya siasa. Stewart amefungua darasa la watu wazima. Pompey, mfanyakazi mweusi wa Wayne, anayeigizwa na Woody Strode, anasimama kueleza Azimio la Uhuru la Marekani, na picha ya Lincoln iko ukutani nyuma yake. Anafika kwenye maneno yanayosema watu wote wameumbwa sawa, na anayasahau. Mwalimu anamwambia kwa upole kwamba wengi huyasahau hayo. Haisemwi zaidi. Baadaye mji unapiga kura, na Pompey yuko nje.

Sasa tuingie kwenye ufundi mdogo mdogo, maana hapa ndipo Ford anapowashinda wengi na ndipo watazamaji wanapopitwa. Kanuni ni rahisi: bunduki zikiwekwa chini, hamisha macho uangalie mikono, viti na milango.

Chukua Stagecoach ya 1939. Abiria wa gari la farasi wamesimama kula. Yumo Dallas, mwanamke aliyefukuzwa mjini na wake za wenye heshima. Yumo Lucy, mke wa afisa. Yumo Ringo, Wayne akiwa kijana, mtoro wa jela. Ringo anamvutia Dallas kiti mezani, karibu na Lucy. Hakuna tusi linalotamkwa. Lucy anatazama. Mcheza kamari mwenye tabia za kibwana anamsogezea kiti kingine upande wa dirishani, akisema kuna hewa nzuri zaidi, na wengine wanahama nao. Ringo, ambaye hajui lolote kuhusu Dallas, anafikiri wanamkimbia yeye kwa sababu ya jela. Hesabu viti vilivyohama. Ukiweza kueleza nani anamdharau nani kwa viti tu, bila kurudia neno lolote la mazungumzo, umeshaanza kumsoma Ford. Mbio za farasi zinazokuja baadaye ni za kusisimua kwelikweli, na aliyezicheza sehemu za hatari, Yakima Canutt, anastahili sifa zake, lakini meza ile ndiyo inayokufanya ujali nani ataanguka.

The Searchers ina kitu kilekile, kikali zaidi. Ethan, Wayne tena, yuko nyumbani kwa kaka yake na anajiandaa kuondoka na msako wa wezi wa ng'ombe. Mchungaji, ambaye pia ni kapteni wa walinzi, amesimama sebuleni akinywa kahawa. Kupitia mlango uliofunguka nyuma yake tunamwona Martha, mke wa kaka, akichukua koti la Ethan chumbani. Analipapasa taratibu, kama mtu anayemshika mwenyewe. Mchungaji ameona. Anageuza uso, anatazama mbele, anaendelea na kahawa yake. Martha anatoka, anampa Ethan koti, Ethan anambusu kwenye paji la uso, na mchungaji bado anatazama mbele kama askari wa lindo. Hakuna neno, na hakuna mtu atakayelitaja jambo hilo tena mpaka filamu iishe. Bila koti hilo, hasira ya Ethan dhidi ya Wacomanche waliomuua Martha na kumteka binti yake mdogo ni ya ami mwenye uchungu. Ukiliona koti, unajua kwa nini huyu mtu anataka kulipiza kisasi hata kwa mtoto mwenyewe.

Baada ya kumsifu hivyo, mkabe. Kipimo cha nne, baada ya vita, uongo na mikono, ni watu ambao ardhi ni yao. Ford alipiga Stagecoach, Fort Apache, The Searchers na nyingine kadhaa kwenye Monument Valley, mpakani mwa Utah na Arizona, ambayo ni nchi ya Wanavajo. Wanavajo hao ndio aliowaajiri kuwa Waapache leo, Wacomanche kesho, Wacheyenne keshokutwa. Walipata ujira, na wengi walimkumbuka kwa wema. Lakini mbele ya kamera ya Stagecoach hawana jina wala dai. Wanatokea mlimani kama mvua ya mawe. Fort Apache inampa Cochise hoja na heshima. The Searchers inampa chifu Scar kisasi chake mwenyewe, wanawe waliouawa na wazungu, kisha inampa nafasi hiyo Henry Brandon, mzaliwa wa Ujerumani mwenye macho ya buluu.

Na kuna teke. Katika The Searchers, kijana Martin, anayefuatana na Ethan, anajikuta amepewa mke wa Kicomanche kwa kutoelewa biashara, na anamsukuma kwa mguu mpaka anabiringika mteremkoni. Imepigwa ili tucheke. Baadaye wanamkuta mwanamke huyohuyo ameuawa katika kijiji kilichoshambuliwa na wanajeshi, na kicheko kinakukwama kooni. Watetezi wa Ford wanasema alipanga iwe hivyo. Mimi siuondoi uzito wa lile teke kwa sababu ya maiti iliyofuata. Kucheka kwanza kulikuwa kwa gharama yake yeye, na hakuwahi kupewa sentensi moja ya kusema anachotaka. Katika kumpima mtu huyu, yaandike yote mawili ukurasa mmoja, usiruhusu moja lifute lingine.

Msomaji wa Afrika Mashariki ana nyenzo ambayo mhakiki wa New York hana. Ford alikuja kwetu. Mogambo ya 1953, yenye Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly, ilipigwa Kenya, Tanganyika, Uganda na kule Afrika ya Ikweta ya Wafaransa, na mwanzoni mwa filamu wanatajwa Wasamburu wa Kenya, Wahaya wa Tanganyika na Wagenia wa Kongo. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Kenya Oktoba 1952. Filamu haina habari nayo; ina sokwe, mahema na ugomvi wa mapenzi wa wazungu watatu. Si kauboi wala si vita, lakini itazame jioni moja kwa ajili ya zoezi. Angalia wanaopiga makasia, wanaobeba, wanaosimama nyuma ya Gable. Uliza wangesema nini kama kamera ingebaki kwao dakika moja zaidi. Ukimaliza, rudi Stagecoach uwatazame wale wa mlimani. Hutahitaji kitabu kukueleza kilichokosekana.

Ford mwenyewe alijua kuna deni, na alijaribu kulilipa kwa namna yake. Sergeant Rutledge ya 1960 inamweka Woody Strode kama sajini mweusi wa kikosi cha 9 cha wapanda farasi, anayeshtakiwa mahakama ya kijeshi kwa ubakaji na mauaji ambayo hakuyafanya. Picha za Strode amesimama usiku, kamera ikimtazama kutoka chini, ni za heshima ambayo Hollywood ilikuwa haijampa mtu mweusi kwenye farasi. Halafu soma majina ya waigizaji: wazungu wametangulia. Cheyenne Autumn ya 1964 inasimulia safari ya kweli ya Wacheyenne waliotoroka hifadhi mwaka 1878 kurudi kwao kaskazini. Nia ni njema, filamu ni ndefu na nzito, na nafasi kubwa za machifu wamepewa Ricardo Montalban na Gilbert Roland. Ipe alama za dhamiri, si za filamu.

Onyo moja kuhusu ushahidi: maneno ya Ford mwenyewe usiyaweke kwenye mizani. Alipenda kusema amezaliwa na jina refu la Kiayalandi, na kumbukumbu zinaonyesha John Martin Feeney, wa jimbo la Maine, 1894. Alidai pambano maarufu la bunduki la O.K. Corral katika filamu yake My Darling Clementine alilipiga jinsi alivyosimuliwa na Wyatt Earp mwenyewe, aliyepigana pale. Filamu inaweka tukio la Oktoba 1881 mwaka wa 1882, inamleta vitani mzee Clanton aliyekuwa ameshakufa tangu Agosti, na inamuua Doc Holliday aliyekufa kwa kifua kikuu mwaka 1887. Haipungukiwi uzuri kwa hilo. Fonda akicheza dansi kwenye sakafu ya kanisa lisilo na kuta ni kati ya dakika tamu kuliko zote alizowahi kupiga. Na mwongozaji Peter Bogdanovich alipomketisha mbele ya Monument Valley kwa filamu yake ya 1971, mzee alijibu kwa neno moja moja kisha akaamuru kamera zizimwe. Msikilize ucheke, halafu urudi kwenye picha.

Za kuruka zipo. What Price Glory ya 1952, ya Vita vya Kwanza vya Dunia, ina kelele nyingi na moyo kidogo. Rio Grande ni nzuri kwa kumtazama Maureen O'Hara, ila ukiwa na haraka Fort Apache imeshasema zaidi. The Horse Soldiers ya 1959 inalegalega, lakini subiri wanafunzi wadogo wa chuo cha kijeshi wanapotoka kwa gwaride kwenda kupigana na wanaume. Kipande hicho peke yake kinastahili jioni yako.

Na ukibakiwa na nafasi ya filamu moja zaidi ya hizo zote, chagua Wagon Master ya 1950, ambayo Ford aliihesabu kati ya alizozipenda zaidi. Haina nyota mkubwa. Wamormoni wanahamia bonde la mto San Juan, wanakutana na Wanavajo, wanaalikwa kucheza ngoma pamoja kuzunguka moto. Jambazi mmoja wa kizungu anamdhuru mwanamke wa Kinavajo, na wazee wa msafara wanaamuru achapwe viboko hapohapo, mbele ya wenyeji. Iweke siku ya pili baada ya Stagecoach, ukiwa na daftari lako wazi kwenye ukurasa wa wale wa mlimani.